Kamati ya Jumapili ya Jeptoo

Hebu nikuulize: umewahi kumwona mtu ambaye akiwa peke yake anaogopa hata kubisha mlango wa meneja, lakini mkalishe katikati ya wenzake, mpe kikombe cha chai ya tangawizi, halafu uone anavyotaka kuung'oa mlango wenyewe na kuubeba begani? Watu wa namna hiyo walijaa sebule nzima siku moja huko Hyattsville, Marekani, ghorofa ya pili, mwezi wa pili mwaka 2005, na chai yenyewe ilikuwa nzuri.

Nyumba ilikuwa ya Simiyu, mkewe Jeptoo na mtoto wao Ethan. Vyumba viwili vya kulala, zulia la rangi ya uji, na bomba la joto chini ya dirisha lililokuwa likigonga kama mtu anayedai kufunguliwa. Simiyu aliendesha foklifti kwenye ghala la masinki na mabeseni ya bafuni, Jumatatu hadi Jumamosi, tangu saa kumi na nusu jioni hadi usiku. Jeptoo alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee. Aliwaogesha, akawavisha, akawakata kucha, akawasikiliza wakimwita kwa majina ya binti zao. Aliingia saa moja asubuhi na kutoka saa tisa na nusu. Siku zake mbili za mapumziko, Jumanne na Ijumaa, alimtunza mzee mwingine nyumbani kwake, kwa malipo ya pembeni.

Gari lilikuwa moja, Corolla ya kijani yenye mlango mmoja mweupe. Kila jioni Jeptoo aliliegesha mbele ya nyumba, naye Simiyu alikuwa ameshasimama kwenye ngazi, koti limefungwa hadi kidevuni. Walipeana funguo na habari: wali uko kwenye friji, Ethan ana kazi ya hesabu, taa ya breki imewaka tena. Kisha Simiyu aliondoka. Ndoa yao, siku sita za wiki, ilikuwa ya dakika nne.

Siku ya saba, Jumapili, Simiyu alikuwa nyumbani. Jeptoo hakuwepo. Alipoajiriwa, karatasi ilisema Jumapili moja kazini, moja nyumbani. Halafu mwenzake mmoja akahamia Texas, na kwenye ratiba iliyobandikwa juu ya maikrowevu jina la Jeptoo likaandikwa kila Jumapili. Aliambiwa ni kwa muda tu. Muda huo sasa ulikuwa umefika miezi minane.

Basi Jumamosi moja, akikaanga vitunguu huku simu ameibana begani, akaanza kuomba ushauri.

Alianza na Wamaitha, aliyefanya naye kazi korido moja.

"Mama Ethan, kaa kimya," Wamaitha alisema. "Ukiuliza habari za ratiba hapa, watakuandika kwenye ratiba ya wanaotafuta kazi."

Akampigia Euphrasia, Mtanzania aliyefua nguo katika nyumba hiyo hiyo ya wazee.

"Mie ningeomba, mwenzangu," alisema Euphrasia, "lakini moja tu kwa mwezi. Tena ningepeleka na keki."

Akampigia Dunstan, mwenyekiti wa ushirika wao wa sala wa Jumapili jioni. Dunstan alikaa kwenye kibanda cha vioo mjini, akiinua na kushusha kizuizi cha maegesho ya magari. "Mungu hana ugomvi na Jumanne, mama," alisema. "Msifu Jumanne. Shikilia kazi."

Simiyu alikuwa ameshatoa ushauri wake kwenye ngazi, ndani ya zile dakika nne. "Usitikise kitu, Mama Ethan. Kodi ni mia tisa na themanini, na huu mwezi ni mfupi."

Kwa hiyo washauri wanne, na wote wanne waoga, kila mmoja kwa kipimo chake. Jeptoo hakuwalaumu. Alikoroga mchuzi, akajitungia sentensi moja ya adabu, akaamua kwamba Jumatatu ataingia kwa meneja na kuisema. Akiambiwa hapana, atarudi kwa wazee wake. Hilo lingeisha hapo, na mimi nisingekuwa na la kukusimulia.

*

Kosa lake lilikuwa kulitaja mbele ya ushirika.

Jumapili ile ushirika ulikuwa kwake. Alirudi kazini miguu imemvimba, akavua viatu, akawasha jiko. Kufikia saa kumi na moja sebule ilikuwa na watu tisa, wanne kwenye kochi la watu watatu. Baada ya wimbo wakafika kwenye mahitaji ya maombi, kila mtu na lake. Wa kwanza alitaja mgongo, wa pili karatasi za uhamiaji, wa tatu mtoto asiyetaka kusikia Kiswahili. Ikafika zamu ya Jeptoo, naye akasema kwa sauti ya chini:

"Niombeeni. Kesho nataka kumuuliza meneja habari ya Jumapili."

Sasa, watu wetu tukiwa ugenini hatuwezi kulichukua jambo na kuliombea tu likiwa vile vile lilivyo. Lazima kwanza lipate mwenyekiti.

Dunstan akaweka kikombe chini. "Kabla hatujaomba, tuelewe tunaomba nini. Jumapili ngapi?"

"Hata moja kwa mwezi, ikiwezekana."

"Moja?" Aliyesema hivyo ni Euphrasia, yule yule wa keki. "Jamani, moja ndiyo ya kuomba mtu mzima? Si mkataba unasema mbili?"

"Unasema mbili," alikiri Jeptoo.

"Basi mbili," alisema Dunstan. "Nani mwingine anafanya Jumapili?"

Wamaitha akatazama huku na huku. Alipoona hakuna anayecheka, akajinyoosha kwenye kochi. "Hata mimi nafanya tatu. Kwani ni yeye peke yake aende kuomba kama maskini? Twende pamoja."

Hapo Tobias akafungua kompyuta yake ya mapajani. Alikuwa kijana wa chuo, anasomea uhasibu, lakini kwenye ushirika alihesabiwa kuwa mwanasheria kwa sababu alivaa miwani. "Mkienda kwa mdomo ni malalamiko," alisema. "Mkienda kwa barua ni majadiliano."

"Andika barua," alisema Dunstan.

Ikaandikwa. Na kila aliyekunywa funda la chai aliongeza mstari. Euphrasia alitaka sare mpya, kwa kuwa za zamani alizifua yeye na alijua zimefikia wapi. Wamaitha akaongeza nusu saa kamili ya chakula. Bwana mmoja wa Langley Park, ambaye hakuwahi kuiona hiyo nyumba ya wazee hata kwa nje, akaongeza chumba cha sala.

"Na tarehe," alisema Dunstan. "Barua bila tarehe ya mwisho ni salamu. Weka Ijumaa saa sita mchana."

"Na wasipojibu?" Tobias aliuliza, vidole viko juu ya herufi.

Bomba la joto likagonga mara mbili. Watu wakatazama vikombe vyao, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama Simiyu. Alikuwa amesimama karibu na meza, sahani ya chapati mkononi, mwenye nyumba na mume wa mwenye haja. Macho manane yalimngoja, halafu kumi, halafu kumi na sita.

"Wasipojibu," alisema Simiyu, na sauti yake ikatoka nzito kuliko alivyoizoea, "aache kazi. Mke wangu hatalala njaa nami nipo."

"Amina," wakasema wote. Bwana wa Langley Park akampiga begani.

Jeptoo alimtazama mumewe kama anayetazama mtu aliyevaa koti la jirani. Akafungua kinywa.

"Mama Ethan," mtu akasema, "upande huu chai imeisha."

Akaenda jikoni. Aliporudi na birika, Tobias alikuwa ameshaunganisha printa ya Ethan ya kazi za shule, na Ethan alikuwa akilalamika kwa Kiingereza kwamba karatasi zimebaki kumi na ni za mradi wake wa sayari. Ilitumika moja. Wamaitha alitia sahihi kwa mwandiko wa kurembesha. Euphrasia akatia yake na kuipigia mstari. Kisha kalamu ikamfikia Jeptoo ikiwa imeshafunguliwa, na watu wanane wakiwa wameacha kutafuna. Akatia sahihi.

"Sasa tuombe," alisema Dunstan.

*

Jumatatu, kwenye ngazi, Simiyu aliuliza, "Umeipeleka?"

"Bado."

"Sawa. Hakuna haraka." Akapokea funguo akitazama magurudumu ya gari.

Jumanne ilikuwa hivyo hivyo. Jumatano alfajiri simu ikalia, Dunstan.

"Imefika, mama?"

"Bado, mwenyekiti. Nilikuwa nafikiria—"

"Usifikirie. Ndugu zetu wa ushirika wa Manassas wamesikia. Leo wanafunga kula kwa ajili yako, watu kumi na wanne. Mmoja ana kisukari, tumemruhusu juisi."

Jeptoo akasimama katikati ya jiko na simu mkononi. Watu kumi na wanne wasiomjua hata sura walikuwa na njaa kwa sababu yake. Aliikunja barua, akaitia kwenye mkoba, na kabla ya kuingia korido yake akaitumbukiza kwenye kisanduku cha meneja. Ilianguka bila sauti.

Jioni hiyo alisimamisha gari mbele ya nyumba na hakutoa funguo.

"Simiyu, nimeipeleka. Kama hukutaka, ungesema."

"Nilisema usitikise kitu."

"Hiyo ulisema Jumamosi. Jumapili ulisema niache kazi."

Simiyu alivua kofia, akaivaa tena. Kulikuwa na baridi na alikuwa akichelewa. "Watu walikuwa wananitazama, Mama Ethan."

"Na mimi sikuwa ninakutazama?"

"Wewe ni tofauti. Wewe unanijua." Akasema hayo kwa huzuni kabisa, kama anayeungama. "Sasa nitamwambia nini Dunstan? Kwamba mimi ni mwanamume wa kusema Jumapili na kutetemeka Jumatatu? Nikikaa pale watanipa chai nusu kikombe."

Jeptoo alicheka, bila kutaka. Akampa funguo. Dakika zilikuwa saba, na Simiyu akakatwa robo saa ya mshahara kwa kuchelewa.

*

Alhamisi, baada ya wazee kula chakula cha mchana, meneja aliwaita mmoja mmoja.

Meneja alikuwa Bi Pruitt, mwanamke mwembamba mwenye kalamu tatu zilizochomekwa kwenye nywele. Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye vitanda tisini na viwili na watu wachache. Alianza na Wamaitha. Hazikupita dakika tatu, Wamaitha akatoka akifuta miwani kwa ncha ya sare.

"Umemwambia nini?" Jeptoo alimnong'oneza.

"Nimemwambia nilidhani natia sahihi kwenye kadi ya mtu ya siku ya kuzaliwa."

"Wamaitha."

"Utafanyaje? Nilikuwa peke yangu mle ndani, dada. Kiti ni kimoja tu."

Akaingia Euphrasia. Akatoka haraka zaidi, akipitia ukutani. "Nimesema Kiingereza cha barua sikukielewa," alisema, yeye aliyekuwa karani wa kupiga chapa miaka sita huko Moshi. Alimbana Jeptoo mkono. "Nisamehe, mwenzangu. Nina watoto wawili chuoni." Akaenda zake kwenye mashine za kufulia, na mlango wa chuma ukajifunga nyuma yake.

Jeptoo akaingia. Juu ya meza kulikuwa na bakuli la kachumbari lililoliwa nusu, na barua, na karatasi nyingine tupu yenye nembo ya nyumba ya wazee.

"Chumba cha sala," Bi Pruitt alisoma. "Sare. Jibu kabla ya Ijumaa saa sita. Nani aliandika hii?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa idara gani?"

Jeptoo alimfikiria Dunstan kwenye kibanda chake cha vioo, akiinua kizuizi, akishusha kizuizi. "Hafanyi kazi hapa," alisema.

"Naona. Wenzako wawili wamesema hawahusiki. Kwa hiyo ni wewe. Kesho ni Ijumaa, na mimi jibu langu kwa barua kama hii ni hapana." Akaisogeza ile karatasi tupu. "Barua inasema nikikataa unaacha kazi. Kama ndivyo, andika hapa na tarehe. Nina maombi ya kazi ya watu sita kwenye droo."

Mahali pale hapakuwa na wa kusema amina. Kulikuwa na saa ya ukutani, na mbali kidogo mzee mmoja akiita muuguzi. Jeptoo aliitazama karatasi. Aliona kodi, aliona mwezi mfupi, akairudisha upande wa Bi Pruitt.

"Siachi kazi," alisema.

"Basi hii barua ni ya nini?"

Sentensi yake ya Jumamosi ilikuwa bado ipo, haikuwa imeguswa na mtu. Akaisema polepole. "Nilipoajiriwa tuliandikiana Jumapili moja kazini, moja nyumbani. Sasa ni miezi minane nafanya zote. Naomba irudi kama ilivyoandikwa."

Bi Pruitt akachomoa kalamu moja kichwani. Akafungua kabati, akatafuta, akatoa faili jembamba, akasoma akisogeza midomo. Akasoma tena. "Imeandikwa," alisema.

Alimpa Jumapili mbili kwa mwezi, kuanzia wiki ijayo. Lakini alimhamishia korido ya mwisho, ya wagonjwa wasioweza kujigeuza, ambako kazi ni ya watu wawili na anayepangwa ni mmoja. Dola moja na nusu ya ziada kwa kila saa ya Jumapili ikapotea kwa zile siku mbili, na barua ikaingia kwenye faili pamoja na onyo. "Weka sahihi hapa kwamba umelisoma," alisema. Jeptoo akaweka. Hakuambiwa pole wala asante, na Bi Pruitt akarudi kwenye kachumbari yake.

Kwenye ngazi jioni alimweleza Simiyu yote. Simiyu alimsikiliza hadi mwisho, akamshika kiwiko. "Ulikuwa peke yako," alisema, kama hakuamini.

"Kiti ni kimoja tu mle ndani."

*

Jumapili ya kwanza ya uhuru wake Jeptoo aliamka saa kumi na moja alfajiri kwa mazoea. Alikuwa akijigeuza alale tena Simiyu alipokohoa upande wa pili wa kitanda.

"Dunstan alipiga jana," alisema. "Wanakuja kushukuru. Kwa kuwa leo huendi kazini, wamesema hawatangoja jioni. Watatoka kanisani moja kwa moja."

"Wangapi?"

"Ni pamoja na wale wa Manassas. Walifunga, Mama Ethan. Huwezi kumnyima mtu aliyefunga."

Walikuwa ishirini na watatu. Tangu saa mbili Jeptoo alikuwa akikanda unga, akisukuma, akikaanga, na Simiyu akikata kabichi vipande vikubwa mno. Ethan alitumwa kuazima viti kwa majirani. Saa saba mchana watu walijaa mpaka kwenye korido ya chumba cha kulala, na makoti yalipangwa kitandani kama watu waliolala. Wamaitha alikuja na sufuria ya pilau na bila haya hata chembe.

"Tulivyoingia kwa yule mama," aliwasimulia wa Manassas, "hewa ilibadilika."

Euphrasia aliinama kwenye sahani yake. Lakini alipoulizwa kama ni kweli, alisema ni kweli, ilibadilika.

Dunstan akasimama kutoa taarifa ya kamati. Alisema kamati imeshinda na haiwezi kuvunjwa katikati ya ushindi. Alipendekeza kwamba, kwa vile Mama Ethan sasa yuko huru Jumapili mbili, ushirika ufanyike kwake hizo Jumapili zote.

"Pamoja na chakula cha mchana," alisema bwana wa Langley Park, "kwa sababu kutoka kanisani mtu ana njaa."

"Basi na kwaya ifanyie mazoezi hapa baada ya chakula," alisema Wamaitha. "Ukumbi wa kanisa una baridi."

"Sisi wa Manassas tuko mbali," alisema ndugu mwenye kisukari. "Tungeweza kuja tangu Jumamosi, tukakesha."

"Amina," wakasema watu, na amina ya nne ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Tobias alikuwa akiandika. Halafu, kama ile siku nyingine, wakageuka kumtazama Simiyu aliyesimama na jagi la maji. Kifua chake kikaanza kupanda.

"Nyumba yetu," alisema Simiyu, "ni nyumba—"

"Hapana," alisema Jeptoo.

Alikuwa mlangoni mwa jiko, unga umempanda hadi viwiko, kijiti cha kusukumia chapati mkononi. Hakusema kwa ukali. Simiyu akafunga mdomo, na mwenye macho angeona kwamba mabega yake yalishuka kwa raha.

"Mama Ethan," alisema Dunstan kwa upole wa mwenyekiti, "hoja imeshaungwa mkono."

"Niliomba mniombee, mkaniandikia barua. Nusura nipoteze kazi kwa ajili ya chumba cha sala ambacho sikukiomba. Tangu siku ile mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeniuliza Jumapili nilikuwa naitakia nini."

Watu wakatazama sahani. Euphrasia ndiye aliyeinua kichwa.

"Ulikuwa unaitakia nini, mwenzangu?"

Jeptoo akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Nilitaka nilale mpaka saa tatu," alisema. "Halafu nile na mume wangu na mtoto wangu, sote watatu tumekaa, mlango tumeufunga kwa ufunguo, na nyinyi nyote mko kwenu."